Vizazi Mia vya Kwanza

Saa tano usiku, Tengeru. Mvua ya mwezi wa nne
inagonga bati la maabara kama mdai aliyechoka kusubiri,
nami nimekaa mbele ya kinu kisichokuwepo.
Hakijajengwa popote. Ni faili la mistari elfu tatu,
fito mia mbili sitini na nne kwa kila fungu,
maji, chuma, urani ya maandishi matupu,
na kazi yangu ni kusema moto wake umekaa wapi.

Bibi aliponiuliza nasomea nini, nilimwambia: kinu.
"Cha kutwangia nini?"
Hakitwangi, Bibi. Kinachemsha.
"Na mchi wake?"
Nikazifikiria fito za udhibiti, zinavyoshuka kutoka juu,
haziji kuponda, zinakuja kunyamazisha.
Upo, nikasema.
Akaridhika, akarudi kwenye mahindi yake.

Kompyuta haijui joto. Inarusha kete.
Nyutroni inazaliwa, inakwenda,
inajigonga kwenye maji, inapunguza mwendo,
kete: imemezwa.
Nyingine, kete: imepasua, zimezaliwa mbili,
pengine tatu.
Laki moja kila kizazi, na kizazi juu ya kizazi,
hadi ramani ianze kujichora yenyewe,
nyekundu kati, buluu kingoni,
kama sufuria ya makande ya harusi
inayoungua chini huku pembeni maharage yanagoma.

Ila mwanzo lazima nidanganye.
Sijui zikae wapi, kwa hiyo nazimwaga zote kona moja,
kaskazini mashariki, alikozimwaga
mwenye faili kabla yangu.
Zinaukumbuka uongo huo. Watoto wake wanaukumbuka,
na wajukuu, kila mmoja kidogo kuliko mzazi wake.
Ndiyo maana Dakta Akyoo aliandika ubaoni, wino mwekundu:
VIZAZI MIA VYA KWANZA VISIHESABIWE.
Viishi, vizae, vife.
Visiingie kwenye wastani.

Jana ramani ilitoka imeinama.
Kinu hiki ukikate kama chapati, robo zake zifanane,
lakini robo moja ilizidi wenzake kwa asilimia sita.
Siku mbili nilimshuku kila mtu: boroni,
joto la maji, Sifaeli aliyeazima kompyuta yangu.
Kumbe sifuri moja. Nilitupa vizazi kumi,
si mia,
na kona ya kaskazini mashariki
ilikuwa bado inanong'ona ndani ya jibu.

Nikasahihisha. Nikaanzisha upya.
Kizazi cha sitini na mbili, umeme ukakatika.

Chumba kizima cheusi, na mimi
mkadiriaji wa megawati elfu tatu
napapasa droo kutafuta kiberiti.

Gizani nikaikumbuka karatasi ya kihamba cha Nkoaranga.
Majina yanaanzia kwa babu. Kisha baba, kisha kaka zake.
Bibi Ndeanansia, aliyeusafisha mfereji kila kiangazi
hadi maji yakafika kwenye migomba ya mwisho,
hayumo. Mama yake hayumo.
Waliishi, wakazaa. Wastani haukuwagusa.

Na bado ni vile vizazi mia
vinavyoubeba moto kutoka pale tulipodanganya
hadi pale unapostahili kukaa.
Cha mia na moja kinaamka, kinakuta mambo tayari,
kinahesabiwa.

Saa saba kasoro umeme ukarudi.
Feni ya kompyuta ikakohoa. Nikaanza tena na moja.
Namba zikapanda kwenye kioo, zile zisizohifadhiwa:
sifuri nukta saba tatu.
Sifuri nukta nane moja.
Sifuri nukta nane nane.
Sikwenda kulala. Nikazisoma kwa sauti, moja moja,
polepole,
kama anavyosomwa kila aliyechangia msibani,
hata wa mia mbili,
hata aliyeleta kuni.